Saini ya Mwezi wa Pili

Watu waliomfahamu Mjomba kwa miaka mingi husema kwamba hawakuwahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu hadi mwezi wa kumi wa mwaka ule, ikiwa imebaki miezi saba tu astaafu.

Alikuwa karani wa chuo kikuu. Mahali pake pa kazi palikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya chini, katika Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni, nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu la nusu duara la kupitishia karatasi. Kioo kilikuwa na ukungu usiotoka, usawa wa midomo, kwa pumzi za watu walioinama ili wasikike. Aliingia chuoni akiwa tarishi wa kubeba mafaili, akapanda akawa mpiga chapa, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza na hakuwahi kupoteza faili hata moja, akapewa dirisha. Hapo alikaa miaka ishirini na sita. Kitambulisho chake kilikuwa na jina kamili, lakini wanafunzi walimwita Mjomba, kwa sababu aliuliza habari za nyumbani kabla ya habari za karatasi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya bila kukosea. Kila mgeni aliyesoma pale alikuwa na hati ya masomo, yenye kurasa tatu. Akitaka kutoka nje ya nchi na kurudi, ilibidi ukurasa wa pili uwe na saini ya safari, ambayo Mjomba aliitia kwa wino wa buluu na kuandika tarehe pembeni. Saini hiyo ilimwambia ofisa wa uhamiaji: huyu ni wetu, mruhusuni aingie. Kwa mwanafunzi anayeendelea na masomo, ilikuwa na uhai wa miezi kumi na miwili. Kwa yule aliyekwisha kuhitimu na kubaki mwaka mmoja zaidi kwa mafunzo kazini, ilikuwa na uhai wa miezi sita, haizidi hata siku moja.

Hayo yote Mjomba aliyaandika mwenyewe katika kikaratasi kilichokunjwa mara tatu, kilichoitwa Kabla Hujafunga Sanduku. Kilimwambia msafiri aangalie pasipoti, aangalie viza, aangalie saini na tarehe yake, abebe hati mkononi na asizitie katika mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Mstari wa mwisho ulisema: Ukiwa na shaka yoyote, njoo dirishani uulize. Watu walikisoma na kukitii, ingawa mwandishi wake hakuwa na pasipoti na hakuwahi kuvuka mpaka wowote maishani mwake.

"Mjomba, wewe ni kocha wa kuogelea asiyejua kuogelea," wanafunzi walimtania.

"Ndiyo maana sijawahi kuzama," alijibu.

Na alikuwa na maneno mengine mawili aliyopenda kuyarudia kila ofisi ilipopata mfanyakazi mpya. "Hajarudishwa mtu," alisema, akigonga kaunta kwa kidole. Maana yake ni kwamba katika miaka yote hiyo, hakuna aliyepita kwake kisha akazuiwa mpakani. Ilikuwa kweli, na aliivaa kweli hiyo kama koti la sherehe.

Basi Ijumaa moja, foleni ikiwa na watu saba na Mjomba mazungumzo yamemkolea, alifika dirishani mwanamke mmoja mtafiti, aliyejulikana ofisini kama binti wa udongo. Alikuwa amesomea udongo miaka minne, akahitimu mwezi wa sita, na sasa alikuwa katika mwaka wake wa mafunzo kazini kwenye maabara ya chuo hichohicho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, binti wa udongo. Leo umetuletea tope gani?"

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kidogo. "Leo sina tope. Mama ameanguka, amevunjika nyonga. Wanampasua Jumanne. Nataka niende nikamwone, halafu nirudi kazini."

"Pole sana, mwanangu. Mwambie daktari asimharakishe kusimama."

"Nitamwambia. Nimekuja unitazamie hati."

Akausukuma ukurasa wa pili hadi kwenye tundu. Mjomba hakuuvuta. Aliutazama hukohuko upande wa pili wa kioo, akaona mkia wa saini yake mwenyewe ukipinda kulia, na hilo likamtosha.

"Hiyo ni saini yangu. Naijua hata nikifumba macho. Ni ya mwezi wa pili, ina mwaka mzima. Nenda kamwone mama."

Binti hakuondoka. "Hata sasa nikiwa kwenye mafunzo kazini, Mjomba? Maana nilisoma mahali..."

"Mwanangu," alisema Mjomba, akapaza sauti ili foleni nayo ifaidi, "aliyekaa nyuma ya kioo hiki miaka ishirini na sita ni mimi au ni wewe?"

Foleni ikaangua kicheko. "Mjomba, mpishe Profesa akae yeye," alisema mmoja kutoka nyuma, na kicheko kikapanda tena. Binti wa udongo naye akacheka, kile kicheko cha mtu asiye na la kufanya, akaikunja hati yake, akaaga, akaenda zake.

Siku kumi na moja zikapita. Jumanne, saa tatu asubuhi, mkuu wa ofisi akatoka chumbani mwake akiwa ameshika simu mkononi, ameifunika kwa kiganja. Alikuwa mwanamke aliyemzidi Mjomba cheo lakini mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na alimwita Mzee mbele ya watu na hata wakiwa peke yao.

"Mzee, binti wa udongo amezuiwa uwanja wa ndege. Wanasema saini yake imekufa tangu mwezi wa nane. Yeye anadai alipita dirishani kwako kabla hajaondoka, ukamwambia iko sawa. Alipita?"

Kabla mkuu hajamaliza kusema, Mjomba alikuwa amekwisha kuhesabu. Mwezi wa pili, miezi sita, mwezi wa nane. Alisikia joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Neno likamtoka lenyewe, kama mtu ainuavyo mkono kukinga kitu kinachomjia usoni.

"Hapana. Sikumwona."

Mkuu akashusha pumzi. "Nilijua. Nilimwambia yule ofisa, Mzee wetu hawezi kufanya kosa la namna hiyo."

Mjomba angeweza kulirudisha neno lake palepale, lingali bichi. Hakulirudisha. Mkuu akaondoa kiganja kwenye simu, akasema maneno machache, akakata, kisha akamweleza hali ilivyo. Ofisa wa uhamiaji alikuwa anasubiri barua ya chuo hadi saa nane mchana. Barua ikisema kwamba kosa ni la ofisi, binti ataruhusiwa kuingia kwa kibali cha siku thelathini, na hati yake itarekebishwa hapa. Ikisema alisafiri bila kuuliza, atapandishwa ndege ya jioni kurudi alikotoka, aanze kuomba upya, miezi mitano au sita. Na maabara haitamngoja. Mwisho wa mwezi nafasi yake itapewa mtu mwingine.

"Namhurumia," alisema mkuu, "lakini siwezi kuwaandikia uongo. Nitungie wewe hiyo barua, Mzee, unaijua lugha yao. Weka ukweli tu."

Mjomba akaketi mbele ya kompyuta. Alikuwa ametunga barua kama ile mara nyingi, na vidole vilijua njia. Aliandika kumbukumbu namba, tarehe, salamu. Kisha akaandika: Mwanafunzi aliyetajwa hapo juu alisafiri bila kupata ushauri wa ofisi hii. Akaisoma sentensi hiyo. Ilikuwa imetulia, haina neno la ziada, na kilichomchoma zaidi ni kuona kwamba aliitunga vizuri.

Alipoipeleka, mkuu alikuwa anaongea na simu nyingine. Alitia saini bila kuisoma. "Barua zako hazihitaji kusomwa," alinong'ona, akamrudishia.

Mashine ya kutuma nyaraka ilikuwa pembeni ya meza ya Mjomba. Akaiweka barua juu yake, uso chini, asiyaone maneno. Hakubonyeza. Alijiambia anangoja foleni ipungue. Foleni ilikuwa ya watu wawili. Akawahudumia wote wawili taratibu kupita kiasi, akiwauliza maswali ambayo majibu yake yalikuwa mbele ya macho yake, na wa pili alipoondoka akaanza kupanga kalamu. Saa sita kasoro dakika tano simu ya mezani ikalia.

"Mjomba, shikamoo. Samahani kukusumbua. Ni mimi, wa udongo."

"Marahaba," alisema Mjomba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wameniruhusu kupiga simu moja. Bosi wako anasema wewe hukuniona siku ile. Sasa nimekaa hapa kwenye benchi najaribu kukumbuka. Ilikuwa Ijumaa, sivyo? Au nilikuja siku ambayo wewe hukuwepo, nikaongea na mtu mwingine? Sijalala tangu juzi, kichwa hakifanyi kazi. Nisaidie kukumbuka, Mjomba. Maana kama nimewasingizia, niwaombe radhi kabla sijaondoka."

Mjomba aliikaza simu sikioni. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Katika saa tatu zile alikuwa amejitungia majibu ya kila namna: kwamba watu ni wengi, kwamba siku zinafanana, kwamba hata kompyuta husahau. Hakuwa na jibu la mtu anayemwomba msaada wa kuamini uongo aliousema yeye.

"Ulikuja," alisema hatimaye. "Ilikuwa Ijumaa. Usiombe radhi kwa mtu. Kaa hapohapo."

Akaweka simu chini. Akaichukua barua kutoka juu ya mashine na kutembea nayo hadi mlangoni kwa mkuu. Ni hatua tisa kutoka dirishani, na alipita mbele ya wenzake wawili waliomsalimia. Hakuwaitikia, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

"Imeshakwenda?" aliuliza mkuu.

"Haijakwenda. Binti alipita kwangu."

Mkuu akainua macho. "Umekumbuka sasa?"

Huo ulikuwa mlango, na mkuu alikuwa ameufungua kwa wema. Mjomba angesema ndiyo, nimekumbuka, uzee huo, na mambo yangeishia hapo kwa kicheko.

"Sikusahau, Mama. Nilijua tangu uliponiuliza. Aliniletea hati, sikuishika. Niliona saini yangu kupitia kioo nikamwambia nenda. Halafu uliponiuliza nikasema uongo."

Nje, mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Ukaona ni afadhali aione yeye."

Mjomba alijua ndivyo ilivyokuwa. Aliinamisha kichwa akatazama kingo za zulia, zilipochanika na kuonyesha nyuzi. Mkuu akaichukua ile barua, akatazama saini yake mwenyewe pale chini kwa muda mrefu, akaipasua mara mbili.

"Saa ngapi sasa?"

"Sita na robo."

"Keti hapo. Andika nyingine. Hii utatia saini wewe, na jina lako kamili. Halafu utampigia ofisa mwenyewe, mimi nikisikiliza."

Barua ya pili ilikuwa na mistari sita. Ilikwenda saa saba kasoro robo. Ofisa aliyepokea simu alikuwa mtu wa maneno machache, alimsikiliza Mjomba akieleza kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza, "Nyinyi ndio mliotoa kile kikaratasi, Kabla Hujafunga Sanduku?"

"Ndiyo. Nilikiandika mimi."

"Aisee. Tunakigawa hapa kaunta. Kizuri sana kile."

Alisema hivyo bila kejeli, na ndiyo maana Mjomba alitamani sakafu ipasuke immeze. Saa tisa habari ikaja kwamba binti wa udongo ameingia, ana kibali cha siku thelathini na malengelenge ya kutembea na viatu vipya. Wenzake wakashangilia kidogo. Mjomba akaenda chooni akanawa uso.

Jioni ile mkuu alimwita tena. "Kesho usikae dirishani, Mzee. Utakuwa chumba cha mafaili mpaka nitakapokwambia. Sikuadhibu. Ila sitaki mtu akuulize jambo, ukamjibu, halafu mimi nianze kujiuliza kama ni kweli."

Mjomba akasema, "Sawa, Mama," akachukua kikombe chake cha chai na mto wake wa kukalia, akavihamisha mwenyewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alikuwa anamalizia pindo la sare ya shule mumewe alipoingia. Alimtazama mara moja tu.

"Baba Mkubwa wa Dirisha, leo wamekulisha nini? Umekuja na uso wa kuazima."

Akamsimulia. Alisimulia ameketi, kofia magotini, akiizungushazungusha. Mkewe aliacha kukanyaga pedali ya cherehani mumewe alipofika kwenye lile "Sikumwona".

"Ulimkana mtoto wa watu? Yuko peke yake huko, mama yake ana vyuma mwilini?"

"Nilimkana."

"Na alipokuja dirishani hakukuuliza chochote? Alichukua neno lako tu akaondoka?"

Mjomba aliitazama kofia. "Kulikuwa na watu wengi," alisema.

Mkewe akangoja, na alipoona hakuna kingine kinachokuja akairudia sare yake. "Mimi nikikata kitambaa vibaya," alisema, "mwenye nguo huona. Wewe umebahatika muda mrefu, mume wangu."

Kanuni za uhamiaji zilitaka jambo moja zaidi. Ili hati irekebishwe, aliyekosea alipaswa kuandika maelezo ya kosa, na aliyekosewa ayasome na kutia saini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mjomba aliyaandika siku mbili, kwa mkono, akayachana mara mbili na kuyaandika tena. Alieleza kwamba hakuishika hati. Alieleza kwamba hakuuliza kama mhusika amekwisha kuhitimu. Aliandika pia, ingawa fomu haikulitaka hilo, kwamba mkuu wake alipomuuliza alikana. Alipomaliza alijiona amejivua nguo zote mbele ya watu, na akaona hapajabaki kitu cha kuficha.

Alhamisi binti wa udongo akaelekezwa chumba cha mafaili. Kilikuwa chumba chembamba, makabati ya chuma pande mbili, na taa moja ndefu iliyokuwa inapepesa. Hakuna kiti cha mgeni. Mjomba akasimama ampe chake.

"Kaa, Mjomba, nitasimama."

"Mama anaendeleaje?"

"Ameanza kukanyaga chini. Anatukana wauguzi, kwa hiyo atapona."

Mjomba alijaribu kucheka akashindwa. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikutupa."

Binti hakusema hapana wala hakusema usijali, kama watu wanavyosema. Alinyoosha mkono akapewa karatasi. Aliisoma kama watafiti wasomavyo, pole kwa pole, kidole kikifuata mstari. Alifika mwisho akarudi juu, akasoma tena aya ya pili. Mjomba alijua ni nini kinachotafutwa pale, na alijua hakipo.

"Mjomba, hapa pana pengo."

"Wapi?"

"Hapa unasema hukuniuliza. Ni kweli, hukuniuliza. Lakini mimi nilikuuliza." Sauti yake haikupanda. "Nilikuuliza kuhusu mafunzo kazini. Ukawageukia watu. Kule kwenye benchi, jambo lililonikaa kichwani si saini. Nilikuwa nawaza, labda nilikuwa najifanya najua, ndiyo maana nimefika hapa. Nilikaa saa sita nikijiona mjinga kwa swali ambalo lilikuwa sahihi."

Taa ikapepesa. Mjomba aliona wazi kwamba sehemu ile hakuisahau hata mara moja. Hakumwambia mkuu, hakumwambia mkewe, na katika kuandika mara tatu kalamu yake ilikuwa imeizunguka kila mara kama maji yanavyozunguka jiwe. Kukiri uzembe aliweza. Kukiri uongo aliweza pia. Lakini kwamba aliulizwa swali jema na mtu mdogo kwake, akachagua kumchekesha mtu wa nyuma kuliko kulijibu, hilo alitaka lizikwe naye.

Akaivuta karatasi. Mwandiko uliosifiwa miaka yote ukatoka umeinama. Aliandika chini ya aya ya pili: Mhusika aliniuliza, kwa adabu na kwa usahihi, kama saini ingefaa kwa mtu aliye katika mafunzo kazini. Sikumjibu. Nilimfanyia mzaha mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, wakamcheka, naye akaondoka akiwa na haki.

Akaweka tarehe pembeni ya nyongeza hiyo, kama kanuni zinavyotaka, akamrudishia.

Binti alisoma mistari ile mitatu mara moja. Akaomba kalamu, akatia saini yake, akaitenga nakala yake na kuikunja mara mbili.

"Asante, Mjomba," alisema. "Sasa ndivyo ilivyokuwa."

Akatoka na kuufunga mlango taratibu. Mjomba alibaki amesimama kando ya kile kiti kitupu, na ilipita muda mrefu kabla hajaweza kukikalia.